Damu, mkojo, nywele au kucha? Kuchagua sampuli ya kupima metali mwilini mwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Timu ikitaka kujua watu wa wilaya fulani wamebeba risasi, zebaki, aseniki au kadimiamu kiasi gani katika maisha yao ya kawaida, kabla hajatokea mgonjwa wala mgodi haujafunguliwa, kinachoikwamisha mwanzoni si mashine. Ni swali la tuchukue nini kwa watu. Damu, mkojo, nywele na kucha kila kimoja kina watetezi wake, na kila kimoja kimeshazalisha majedwali mazuri yasiyo na maana kwa sababu kilitumiwa mahali pasipo pake.

Huku kwetu swali linakuwa gumu zaidi kwa sababu ukanda mmoja una mambo mengi. Chunya na Songwe wachimbaji wadogo wa dhahabu huchoma zebaki. Mbarali na Kyela watu hula wali, na mpunga ni mmea unaovuta aseniki kuliko nafaka nyingine ukisimama kwenye maji. Mbozi kahawa hupuliziwa dawa za shaba. Ludewa kuna chuma cha Liganga chenye vanadi na titani, Namtumbo kuna urani ya Mto Mkuju, na vijiji vingi vya milimani vina historia ndefu ya rovu kwa kukosa madini joto (iodini). Juu ya hayo, Kyela iko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari, Jiji la Mbeya karibu mita 1,700, na Makete kuna vijiji vilivyopita 2,000. Joto, kiu na wingi wa damu vinabadilika na mwinuko, na namba za maabara hubadilika navyo.

Vigezo vya kupimia kila chaguo

Cha kwanza na kizito kuliko vyote ni metali yenyewe na muda unaotaka kuuona. Aseniki hutoka kwenye damu kwa saa chache na kwenye mkojo kwa siku chache, ilhali kadimiamu hukaa kwenye figo kwa miaka 10 hadi 30. Hakuna sampuli moja inayoona vyote.

Cha pili ni uchafu wa nje: je, unachopima kimetoka mwilini, au kimetoka kwenye vumbi, sindano, kikopo na mkasi? Cha tatu, watu watakubali? Cha nne, sampuli itavumilia safari? Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kabla ya hapo kuna pikipiki ya kutoka kijijini. Cha tano, majibu utayalinganisha na nini?

Hicho cha tano kinachanganya wengi. Kuna namba ya rejea, ambayo kwa kawaida ni kile kiwango ambacho asilimia 95 ya watu wa eneo wako chini yake. Inasema nani ametofautiana na wenzake, basi. Kuna namba ya afya, inayosema madhara yanaanzia wapi. Uchunguzi wa kiwango cha msingi, yaani wa hali ya kawaida kabla ya tatizo, unakupa ya kwanza. Ukiitangaza kama ya pili unaweza kuwatia watu hofu bure, au kuwatuliza wakati wote kwa pamoja wamezidiwa.

Damu

*Inaonyesha nini.* Kwa risasi damu haina mshindani. Takriban asilimia 99 ya risasi iliyomo kwenye damu imo ndani ya chembe nyekundu, kwa hiyo hupimwa damu nzima, si majimaji yake. Namba inaeleza zaidi mwezi mmoja au miwili iliyopita, pamoja na kiasi kinachovuja kutoka kwenye mifupa, ambako risasi hukaa miaka mingi. Mama mjamzito aliyeathirika utotoni anaweza kuonyesha risasi ambayo hakuila mwaka huu. Damu nzima pia hufaa kwa manganizi, kwa kadimiamu ya miezi ya karibuni, na kwa zebaki inayotokana na samaki. Plazima, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, ndiyo ya kuulizia zinki, shaba na seleniamu. Kwa aseniki, achana nayo.

*Uchafu.* Tyubu ya kawaida yenye kifuniko cha zambarau haikutengenezwa kwa kazi hii. Nunua zile za kupimia metali kidogo, kwa kawaida zenye kifuniko cha bluu iliyokoza, na hata hizo usiziamini kwa macho. Toa tyubu kama 10 katika kila toleo la kiwandani, zitie maji safi yenye asidi ya naitriki ya asilimia 1, ziache usiku kucha, kisha zipime. Sindano ya chuma huacha kromi, nikeli na kobalti, hivyo tyubu ya kwanza itumie kwa himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) na ya pili kwa metali. Glavu ziwe zisizo na unga, kwa sababu unga ule huja na zinki.

*Watu.* Hapa ndipo damu hushindwa. Hadithi za mumiani bado zinaishi, na gari geni lenye maboksi ya baridi linalokusanya damu za watoto ni chakula tosha cha uvumi. Dawa yake si kipaza sauti. Wahudumu wa afya wa kijiji wawe wamepita nyumba kwa nyumba wiki moja kabla, mtendaji na wenyeviti wa vitongoji wawe wameona tyubu kwa macho yao, na kiasi kitajwe kwa kijiko: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai.

*Safari.* Damu nzima kwa ajili ya risasi na kadimiamu hukaa vizuri kwenye nyuzi 2 hadi 8 kwa wiki kadhaa ikiwa imefungwa barabara. Plazima ni mtoto mchanga: itenganishwe mapema, na ikiwezekana ndani ya saa moja. Chembe nyekundu zikipasuka zinamwaga zinki yao, na mtu mwenye upungufu anaonekana ameshiba. Ukiona plazima ina rangi ya waridi, iandike na uitoe kwenye hesabu ya zinki. Andika pia saa ya kutoa damu na kama mtu alikuwa amekula, maana zinki hushuka baada ya mlo. Homa nayo hushusha zinki na seleniamu, kwa hiyo kipimo cha damu kinachoonyesha kama mwili unapambana na maambukizi kiende sambamba.

*Majibu.* Damu ina namba za kulinganishia kuliko sampuli nyingine yoyote. Marekani tangu 2021 hutumia mikrogramu 3.5 kwa desilita kama namba ya rejea ya risasi kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5. Shirika la Afya Duniani, mwaka huohuo, lilisema kuanzia 5 chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe. Mtoto mwenye 45 au zaidi ni mgonjwa wa hospitali, na timu lazima ijue kabla ya kuanza ni nani atapigiwa simu siku hiyohiyo. Jambo la kwetu hasa: watu wa milimani wana chembe nyekundu nyingi zaidi, na risasi hukaa humo. Ukilinganisha Makete na Kyela bila kupima himoglobini, sehemu ya tofauti inaweza kuwa mwinuko tu.

Kuna njia mbili nafuu za damu. Mashine ndogo ya mezani hupima risasi kwa tone la kidoleni kwa dakika 3, kuanzia 3.3 hadi 65. Ni nzuri kwa kutafuta watoto walioathirika sana, lakini kwa kiwango cha msingi wengi wataandikwa "chini ya 3.3" na hutapata mchoro wowote. Nayo haipendi baridi: chini ya nyuzi 12 isiwashwe, na asubuhi ya Juni huko Makete ni chini ya hapo. Njia ya pili ni matone yaliyokaushwa kwenye karatasi. Husafiri kwa bahasha, lakini karatasi yenyewe ina metali zake na vumbi la kidole linaingia. Katika njia zote mbili mkono uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ukaushwe kwa karatasi safi, usiguse kitu tena, na namba kubwa irudiwe kwa damu ya mshipani.

Mkojo

*Inaonyesha nini.* Aseniki ya siku mbili hadi nne zilizopita, zebaki ya mvuke na ya chumvi zake, urani, nikeli, kobalti, madini joto, na kadimiamu ya miaka mingi, kwa sababu ile ya kwenye mkojo inafuata iliyolundikana kwenye figo. Kwa risasi ya watu wa kawaida ni dhaifu, kwa manganizi haifai, na zebaki ya samaki hupita zaidi kwenye kinyesi, hivyo mkojo hautaiona.

*Uchafu.* Vikopo vyenye rangi, hasa njano na nyekundu, viachwe: baadhi ya rangi hizo hutengenezwa kwa kadimiamu. Kosa la kila siku ni mkono. Mtu ametoka shambani au kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), anafungua kikopo kwa vidole vyenye vumbi, anaweka kifuniko chini kikitazama juu. Aoshe mikono kwanza, na kifuniko kikae kimefunikwa. Kama timu ileile inatoa damu, isitumie dawa ya jeraha yenye iodini; tone moja linatosha kuharibu kipimo cha madini joto cha chumba kizima.

*Watu.* Mkojo hautishi. Shuleni darasa zima humaliza kabla ya kengele ya mapumziko. Aibu ipo, hasa mabinti walio kwenye hedhi, hivyo mpe kila mtu haki ya kuja kesho bila kueleza sababu.

*Safari.* Chukua mililita 30 hadi 50, kisha gawa mara moja. Hili halirekebishiki baadaye. Chupa ya metali za jumla inaweza kutiwa asidi ya naitriki hadi asilimia 1. Chupa ya madini joto isitiwe, kwa sababu asidi huyafanya yatoroke kama mvuke. Chupa ya kutenganisha aina za aseniki nayo isitiwe, bali igandishwe. Zebaki hung'ang'ania kuta za plastiki, hivyo uliza maabara yako wanataka kihifadhi gani kabla hujatoka Mbeya, si baada ya kurudi.

*Majibu.* Tatizo kubwa la mkojo ni maji. Mvunaji wa mpunga Kyela, jua la mchana, anatoa mkojo mzito. Mzee wa Makete anayeota moto na kunywa chai anatoa mkojo mwepesi. Metali zao zikiwa sawa, namba kwa lita hazitakuwa sawa. Kuna marekebisho mawili. La kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo, ni la kawaida duniani, lakini kreatinini hufuata misuli na nyama: mtoto, mzee na mwenye utapiamlo wana kidogo, na ukigawa kwa namba ndogo unapata metali nyingi ambazo hazipo. Kwa jamii zenye watoto waliodumaa, uzito linganishi wa mkojo, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa maji, ni salama zaidi. Hupimwa hapohapo kwa tone moja kwenye lenzi ya mkononi, na hesabu yake ni fupi: zidisha namba ya metali kwa uzito wa rejea ukitoa 1, gawa kwa uzito wa mtu ukitoa 1. Mkojo wenye zebaki mikrogramu 6 kwa lita na uzito 1.010, ukirejeshwa kwenye 1.020, unakuwa 12. Ulio chini ya 1.010 au juu ya 1.030, omba mwingine. Pima vyote viwili kama bajeti inaruhusu, na toa namba zote tatu kwenye ripoti: ghafi na mbili zilizorekebishwa.

Kwa zebaki, Ujerumani ina mipaka ya kiafya inayotumika sana: mikrogramu 7 kwa lita kama alama ya kufuatilia, 25 kama alama ya kuchukua hatua. Kwa aseniki, uliza kama mtu amekula samaki wa baharini, pweza au kamba kwa siku nne zilizopita. Aseniki yao haina sumu kubwa lakini inapandisha jumla vibaya sana. Usipa na samaki wengine wa Ziwa Nyasa hawana tatizo hilo kwa kiasi kilekile, ila dagaa wa sokoni si lazima awe wa ziwani. Muulize pia kama ana meno yaliyozibwa kwa amalgamu (mchanganyiko wenye zebaki), na kama anavuta sigara, kwa sababu tumbaku hupandisha kadimiamu kuliko chakula cha wilaya nzima.

Nywele

*Inaonyesha nini.* Kitu kimoja kwa uhakika: zebaki inayotokana na samaki. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo sentimita 3 za karibu na ngozi ni miezi mitatu iliyopita, na zebaki yake ni takriban mara 250 ya ile ya damuni. Kwa wakazi wa pwani ya Ziwa Nyasa ni chaguo zuri. Maduka yanayouza "kipimo cha madini 40 kwa nywele" kwa mtu mmojammoja yanauza zaidi ya kinachojulikana; kwa metali nyingi nywele hazina namba ya afya ya kulinganishia.

*Uchafu.* Mvuke wa zebaki hujishika kwenye nywele kutoka nje, na hakuna sabuni inayotenganisha ya nje na ya ndani. Ndiyo maana nywele za mchomaji wa dhahabu Chunya hazisemi amevuta kiasi gani. Hena, piko, dawa za kulainisha na mafuta ya kichwani nayo huongeza au huondoa metali.

*Watu.* Wanafunzi wa shule za msingi wananyolewa, na wanaume wengi pia, hivyo utabaki na wanawake, na kati yao wengi wamesuka rasta za dukani. Halafu kuna hofu ya ushirikina, ambayo si ya kuchekwa: nywele za mtu mkononi mwa mgeni ni jambo zito. Zikate nywele zake mbele ya ndugu, onyesha bahasha ikifungwa, na eleza zitayeyushwa kwa asidi hadi zisibaki.

*Safari.* Hapa nywele zinashinda. Bahasha kavu, hakuna barafu, hukaa miaka. Kata nyuma ya kichwa, fungu lenye unene wa penseli, na ufunge uzi upande wa kichwani kabla ya kukata. Uzi ukisahaulika hakuna atakayejua mwezi upi ni upi.

*Majibu.* Mikrogramu 1 kwa gramu ndiyo alama inayolingana na kiwango cha tahadhari cha Marekani kwa zebaki ya samaki.

Kucha

*Inaonyesha nini.* Kucha za miguu hutunza miezi 6 hadi 12 iliyopita, kwa sababu hukua karibu milimita 1.5 tu kwa mwezi. Zinafaa kwa aseniki ya maji ya kisima na kwa seleniamu. Mahali ambapo mkojo unakwambia juu ya mlo wa jana, kucha zinakwambia juu ya mwaka. Kwa seleniamu jambo hili si la kubuni: utafiti wa taifa wa Malawi wa 2015 na 2016, ng'ambo tu ya Mto Songwe, ulikuta upungufu ulioenea na unaobadilika kwa eneo, ukifuata udongo.

*Uchafu.* Udongo mwekundu ndio adui. Mtu wa kandambili ana chuma, alumini na manganizi chini ya ukucha kuliko ndani yake. Anayepanda mpunga Usangu ana tope la miezi, hivyo kwake kata kucha za mikono, na usizichanganye na za miguu za wengine. Kusafisha ni hatua: toa uchafu kwa kijiti cha plastiki, tikisa kwenye sabuni ya maabara isiyo na ayoni kwa dakika 15 au 20, suuza mara tano kwa maji safi kabisa, pitisha asetoni, kausha. Kisha pima alumini au titani pamoja na metali unayoitaka: zikipanda pamoja, umepima udongo. Mkasi wa kawaida huacha nikeli na kromi, hivyo tumia wa titani au kauri. Rangi ya kucha iondolewe siku kadhaa kabla.

*Watu.* Rahisi kuliko damu, ngumu kidogo kuliko mkojo, na hofu ya uchawi ipo kama ya nywele. Mweleze asikate kucha kwa wiki tatu au nne. Vidole vyote 10 vinahitajika kufikia miligramu 50 hadi 100; watoto wadogo mara nyingi hawafiki.

*Safari.* Kama nywele: bahasha ya karatasi.

*Majibu.* Umaskini wake uko hapa. Namba za rejea ni chache na kila maabara inaosha kivyake, kwa hiyo linganisha vijiji vyako kwa vijiji vyako.

Kinachoharibu zote nne

Kwa kiwango cha msingi unapima namba ndogo sana, na uchafu mdogo unatosha kuwa jibu lote. Kila siku ya kazi fungua kikopo kimoja kitupu kijijini, kijaze maji safi uliyotoka nayo maabara, kifunge, kisafiri na vingine. Angalau 1 kwa kila sampuli 20. Maji hayo yakirudi na risasi, hukuchunguza kijiji, umechunguza barabara ya vumbi ya Agosti.

Idadi ya watu nayo inadanganya. Kupata kiwango cha asilimia 95 unahitaji angalau watu 120 katika kila kundi unalotaka kulisemea, ili wanaobaki juu wawe kama 6. Ukiwa na 40 wanabaki 2, na mchimbaji mmoja aliyeingia kundini atakuandikia namba ya wilaya. Wachimbaji, wachomelea vyuma na mafundi betri usiwafukuze. Waandike na uwahesabu kando. Uliza pia juu ya sufuria za kusubu za mtaani, wanja, na udongo wa pemba ambao wajawazito hula, kwa kuwa vyote vitatu vinaweza kubeba risasi.

Maabara uiulize mambo manne kabla ya bei: kikomo cha chini cha kugundua kwa kila metali, sampuli za kuthibitishia wanazotumia, kama wanashiriki mizunguko ya kulinganisha na maabara nyingine, na tyubu zipi wao wenyewe wamezijaribu. Uchunguzi wa taifa wa Marekani hautoi wastani pale ambapo zaidi ya asilimia 40 ya sampuli ziko chini ya kikomo. Kanuni hiyo inafaa hata kwetu. Na kama sampuli zitatoka nje ya nchi, kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na makubaliano ya kuhamisha sampuli huanza kushughulikiwa miezi kabla, si wiki.

Kwa hali yako

Vijiji vinavyozunguka machimbo Chunya au Songwe: mkojo kwa zebaki, wenye uzito linganishi, na wachomaji wakiwa kundi lao. Ongeza damu kwa risasi kwa sehemu ya watoto, hasa pale ambapo mawe husagwa karibu na nyumba. Nywele ziache.

Walaji wa samaki Matema, Itungi au Liuli: nywele kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wakikataa, damu nzima.

Watoto wa mjini Mbeya au Iringa na wasiwasi wa rangi za nyumba, betri na sufuria: damu ya mshipani. Kama fedha ni kidogo, tone la kidoleni kwa wengi na mshipani kwa waliozidi, lakini ripoti iite kazi hiyo utafutaji wa walioathirika, isiiite kiwango cha msingi.

Visima na wali, Mbarali na Kyela: mkojo wenye aina za aseniki zilizotenganishwa, pamoja na kucha kwa robo ya watu hao ili kujua kama ni jambo la wiki au la mwaka. Chukua na maji ya kisima siku hiyohiyo, kwenye chupa yenye namba ya kaya.

Madini joto shuleni, Njombe au Ludewa: mkojo peke yake. Kiwango cha kati cha kundi kati ya mikrogramu 100 na 199 kwa lita kinatosheleza. Mtoto mmoja mwenye 60 haambiwi ana upungufu, kwa sababu kesho anaweza kuwa na 180.

Zinki na seleniamu: plazima kama mna mashine ya kuzungusha damu na umeme wa uhakika kijijini. Kama hamna, kucha kwa seleniamu, na zinki isubiri msimu mwingine.

Namtumbo au Ludewa kabla ya uchimbaji mkubwa, mkiwa na fedha ya safari moja: mkojo wa mililita 50 uliogawanywa chupa nne, moja ikiwekwa kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri bila kuguswa. Mgodi ukifunguliwa miaka kadhaa baadaye na watu wakauliza hali ilikuwaje kabla, jibu litatoka kwenye chupa hiyo ya nne.